Giaboksi Inayokataa Kuharibika

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mbio za Magari za Mita Mia Nne.

KUHUSU: OMBI LA KUIFUNGIA GIABOKSI YA MUME WANGU KWA KOSA LA KUTOHARIBIKA

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa heshima zote nakusalimu, na natumaini masikio yako yamepona tangu Jumamosi ile uliposimama karibu mno na mstari wa kuanzia. Hunijui kwa sura, lakini tumekwisha kukutana kwa njia ya vyombo. Ile chupa ya chai ambayo mume wangu hukumiminia uwanjani ni yangu, na kile kikombe kilichomeguka mdomo, ambacho nasikia sasa kinaitwa cha mwenyekiti, ni changu pia. Sikidai. Nakitaja tu ili ujue unaandikiwa na mtu wa karibu.

Mume wangu unamjua. Ni yule fundi wa giaboksi mnayemwita Chuma. Nyumbani hatumwiti hivyo kwa sababu tumemwona akikata vitunguu. Gari lake unalijua pia, saluni kuukuu ya rangi ya maziwa yenye injini iliyotoka kwenye kitu kikubwa zaidi. Na dereva unamjua: ni wifi yangu, dada yake mume wangu, mwanamke mtulivu ambaye siku za kazi huendesha gari la kubebea maiti, na Jumamosi hulipiza.

Malalamiko yangu ni mafupi ingawa barua si fupi. Giaboksi aliyoitengeneza mume wangu haiharibiki, na naomba chama chako kiingilie kati kabla nyumba yangu haijaenda mrama.

Najua utadhani nimechanganyikiwa. Nivumilie kidogo nieleze ilivyokuwa, tena nitaeleza polepole kwa faida ya katibu wako, ambaye mume wangu anasema alichaguliwa kwa ajili ya mwandiko wake tu.

Giaboksi ya otomatiki ni sanduku la chuma linalobadilisha gia lenyewe, dereva asikanyage klachi. Ndani yake mna pleti nyembamba zilizopangwa kama sahani kabatini, na mna vijia vingi vya oili vinavyopinda huku na huku. Katika vijia hivyo, kwa giaboksi ya mume wangu, hukaa gololi saba za chuma, kila moja ndogo kama punje ya choroko. Kazi yake ni kuziba njia hii na kuruhusu ile. Gololi moja ikikosekana, oili hupita isikotakiwa, pleti huteleza, huungua, na gari husimama katikati ya uwanja likifuka moshi huku mpinzani akienda zake.

Kwa miaka minne, hivyo ndivyo tulivyoishi. Gari la mbio hizi si gari la kwenda sokoni. Taa ikiwaka kijani, nguvu yote ya injini humwagwa kwa mkupuo mmoja, na chochote kilicho dhaifu mle ndani hujitangaza hapo hapo. Mume wangu aliweka shafti nene, ule mtaimbo unaopeleka nguvu magurudumuni. Aliongeza pleti. Aliweka kifaa cha kupoozea oili kikubwa kama dirisha la bafu. Wapi. Kila Jumamosi giaboksi ilirudi nyumbani ikinuka mkate ulioungua, na wiki nzima ilikaa wazi juu ya meza yangu ya jikoni, kwa sababu kibanda chake kina vumbi na mwanga wa jikoni ni mzuri.

Ndipo siku moja, nikitafuta majani ya chai, nikafungua kopo nisilolijua na kukuta gololi kumi na moja. Nikamuuliza ni za nini. Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Hizo za akiba, Sista. Kila ukifunga giaboksi inabaki moja. Wenyewe kiwandani huwa wanaweka ya ziada."

Alikuwa amekwisha kufunga giaboksi kumi na moja tangu msimu uanze.

Mwenyekiti, mimi ni muuguzi, ndiyo maana mume wangu huniita Sista. Nimefanya kazi miaka ishirini na tisa katika chumba cha upasuaji, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Kila pamba, kila sindano, kila mkasi, kabla ya kupasua na kabla ya kushona. Mmoja anasoma, mwenzake anaitikia. Hesabu isipotimia hakuna kushona, hata daktari awe na hasira za namna gani. Katika miaka yote hiyo sijamsikia mtu akishika kilichobaki mezani na kusema mgonjwa huyu alikuja na cha ziada.

Nilivaa aproni. Nilitandika vitambaa vya kijani mezani, nikatundika ubao mweupe ukutani, nikapiga marufuku matambara yenye nyuzi. Kila kipande kilichotoka kiliandikwa ubaoni, kila kilichorudi kiliwekewa tiki. Yeye alisoma, "Gololi saba," mimi nikaitikia, "Saba, zipo." Wiki ya kwanza alinuna. Wiki ya tatu nilimkuta amekwisha kutandika vitambaa kabla sijamaliza kunawa. Kwa wiki sita tuliifungua na kuifunga, tukipima mwanya wa pleti kwa vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia, tukitupa iliyopinda, tukianza upya. Wiki ya sita hesabu ilitimia, vipimo vikatimia, tukaifunga, na mume wangu akatia alama ya rangi nyekundu juu ya kila bolti ili ijulikane haijaguswa.

Haijaguswa hadi leo. Hapo ndipo matatizo yangu yanapoanza, nami nayaorodhesha.

1. Giaboksi hii imekimbia mbio thelathini na moja. Haijavuja, haijateleza, haijapiga hata chafya. Nauliza kwa nia njema: je, huku si kuwaibia washindani? Mashindano maana yake kuna uwezekano wa kushindwa. Giaboksi hii haishindani, inahudhuria. Na kila Jumamosi, kwa mazoea, mimi hutandika vitambaa mezani, na kila Jumamosi mume wangu huingia akiwa ameshika chupa ya chai peke yake na kusema neno moja, "Imeshika." Nami huvikunja.

2. Jiko langu limegeuka jiko. Ile sufuria kubwa tuliyolowekea pleti ndani ya oili sasa inapikiwa chakula, na chakula kina ladha ya chakula. Mafuta ya kujipaka, ambayo tulikuwa tukizishikizia gololi zisidondoke wakati wa kupindua, yalikuwa yakiisha kopo zima kwa wiki mbili. Kopo la sasa lina miezi mitano, na ngozi yangu inang'aa bila sababu. Oveni tuliyopashia ganda la giaboksi, ili bushi, ile pete ya kushikilia shafti, iingie bila kugongwa nyundo, imekaa bure hadi jirani wa kushoto akaniomba nimwokee keki. Nilimwokea kwa moto ule ule niliouzoea. Hanisalimii mpaka sasa.

3. Mume wangu, kwa kukosa cha kutengeneza, ameitengeneza nyumba. Bomba la jikoni limewekewa springi ya giaboksi, na kulifungua kunataka miguu yote miwili iwe imara sakafuni. Mlango wa choo unajifunga wenyewe, na kuufungua kuna hatua tatu. Binamu yangu aliyekuja kutusalimia aliijua hatua ya kwanza tu, ikabidi tumpitishie chai dirishani. Kiti changu cha kukalia jioni kimefungwa sakafuni kwa bolti nane, ati kisichoke. Juzi nilimkuta akiutazama mlango wa friji kwa jicho la huruma, nikaificha spana.

4. Wifi yangu ameharibika badala ya giaboksi. Zamani, gari likisimama kila Jumamosi, alirudi kazini Jumatatu mnyenyekevu, na mwendo wake ukawafaa wafiwa. Sasa anashinda. Mguu umeonja, na mguu haujui siku. Wiki iliyopita marehemu alifika makaburini dakika kumi na moja kabla ya watu wake. Familia ilikuwa na adabu, ila mjane alimuuliza wifi kama kulikuwa na haraka yoyote wao hawakuambiwa. Giaboksi ya mume wangu ndiyo iliyomfundisha haya, na sheria za barabarani hazina namna ya kuishitaki.

5. Katika jarida lenu la mwezi uliopita mmeandika kwamba siri ya giaboksi ya Chuma ni shafti nene. Mwenyekiti, shafti ilikuwa nene tangu giaboksi ya nne, na ya nne ilikufa kabla wifi hajamaliza kuvuta pumzi. Mmeweka picha ya mume wangu, picha ya giaboksi, na picha yako ukiwa na kikombe changu. Sitaki kutajwa. Nataja tu kwamba sikutajwa. Na tangu jarida litoke, mafundi wenzake wanamtaka klabuni kila jioni awaeleze, naye anakwenda, anaeleza, anarudi amechoka kwa kueleza, anaoga, analala.

6. Hili la sita nilitaka kuliacha, lakini nimezoea kutofunga kabla hesabu haijatimia. Mwaka juzi nilistaafishwa siku niliyotimiza miaka sitini. Sikuwa nimevuja popote. Mkono wangu hautetemeki, jicho langu linaona uzi mweupe juu ya shuka jeupe. Nilipewa saa ya ukutani, nikapigiwa makofi, nikarudi nyumbani, na asubuhi ya kwanza nikahesabu vijiko mara nne. Vilikuwa vyote. Sijui kama unaelewa, Mwenyekiti, inavyouma kuhesabu vijiko ukavikuta vyote.

Kisha likaja lile kopo la gololi. Kuanzia saa kumi kila jioni tulikaa meza moja, yeye upande wa shafti, mimi upande wa pleti. Tumeoana miaka thelathini na minne, na naapa hatukuwahi kuongea hivyo. Mikono ikiwa na kazi, watu hawatazamani, na wasipotazamana maneno hutoka. Aliniambia habari za baba yake ambazo nilikuwa sijazisikia. Mimi nilimweleza kwa nini mwaka ule, binti yetu akiwa mdogo, nilikuwa nikirudi kutoka kazini na kukaa bafuni saa nzima. Akaifuta pleti ile ile mara tatu, halafu akasema, "Ungeniambia, Sista, ningekuja kukaa nje ya mlango." Ndiyo maana pleti hizo hazitelezi. Mliandika shafti.

Sasa tunakaa kwenye meza safi isiyo na kitu juu yake na kuulizana kama mvua itanyesha. Meza ile inanitia uchungu, Mwenyekiti, nasema kweli. Nimemkosa mume wangu, na ninaishi naye.

Kwa sababu hizo sita, naomba chama chako kipitishe kanuni kwamba giaboksi yoyote itakayozidi mbio tano bila kufunguliwa ihesabiwe imefanya udanganyifu, na ifunguliwe mara moja na fundi wake pamoja na mwenza wake wa halali. Kama kanuni hiyo ni kali, basi giaboksi ipewe umri wa kustaafu. Mimi niliondolewa kazini nikiwa mzima, sioni kwa nini sanduku la chuma lipendelewe. Liandaliwe hafla, lipigiwe makofi, lipewe saa ya ukutani; yangu nitaitoa. Na kama hilo nalo haliwezekani, naomba kamati itume mtu mwenye nyundo, awe mstaarabu, aje Alhamisi mchana nikiwa sokoni. Ufunguo wa kibanda uko chini ya ndoo ya bluu.

Najua utasema mafundi wengine wanakesha wakiomba wapate giaboksi kama hii. Wapeni. Nitaifunga mwenyewe kwa kamba, na chupa ya chai juu.

Nakushukuru kwa muda wako. Naomba unifikishie salamu kwa katibu na mwandiko wake, kwa yule bwana wa taa, kwa dada wa kuandika sekunde ambaye wifi anasema hajawahi kumkosea hata moja, kwa waokota vyuma uwanjani baada ya mbio, ambao siku hizi najua hawapati kitu upande wetu, na kwa mkeo, ambaye simjui ila namwombea meza yenye kazi.

Ni mimi, kwa utii na kwa kukata tamaa kiasi,

Mke wa Chuma
Muuguzi mstaafu, chumba cha upasuaji

Nyongeza: Bahasha imekunjamana kwa sababu nimeifungua kwa mvuke wa birika. Naomba radhi. Ilikuwa imekwisha kufungwa tangu Ijumaa, nikingoja Jumatatu niipeleke posta, na Jumamosi ikaingia katikati.

Uliona mwenyewe yaliyotokea uwanjani. Gari liliondoka vizuri, likafika nusu, likafuka, likasimama. Mimi nilikuwa nyumbani nimetandika vitambaa kwa mazoea. Mume wangu akasimama mlangoni amekumbatia giaboksi kama mtoto mgonjwa, akajitahidi kuweka uso wa huzuni, lakini uso wake haujui kudanganya, haujawahi. Akasema, "Sista, imekataa. Vitambaa viko wapi?" Vilikuwa mbele yake.

Tukaifungua. Kabla ya yote niliona kwamba rangi nyekundu juu ya bolti ilikuwa mbichi kuliko nilivyoikumbuka, ikanishikia kidole. Nikakifuta kwenye aproni. Pleti ziliungua kama zamani, jiko likanuka kama zamani, nami nikajikuta naimba. Tukahesabu. Akasoma, "Gololi saba." Nikatazama, nikatazama tena, nikaitikia, "Sita." Akakuna kichwa, akasema labda nyingine huwa zinayeyuka. Mwenyekiti, mtu huyu mmempa jarida. Nikampigia wifi kumuuliza kama alihisi kitu chochote wakati wa kuondoka, naye akawa ghafla na mazishi, siku ya Jumamosi jioni.

Jana, nikikusanya nguo za kufua, nilipapasa mfuko wa shati lake la kazi. Gololi ya saba ilikuwamo. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha pamba safi na kupakwa mafuta yangu ili isishike kutu.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko namba moja hadi sita, yote. Giaboksi inaharibika vizuri tu, ikipata mtu wa kuiharibu. Kanuni isipitishwe, mtu wa nyundo asije, na habari za ufunguo na ndoo ya bluu uzisahau. Kikombe kaa nacho.

Jumamosi ijayo tusingojwe. Gololi ninayo mimi, kwenye aproni, na sijamwambia. Kuanzia jana tunaitafuta pamoja. Tumekwisha kusogeza friji, tumeinua zulia, leo tunafungua bomba la kunawia. Mwanzoni alikuwa akitafuta kwa uvivu wa mtu anayejua kitu kilipo. Asubuhi ya leo, akidhani niko bafuni, alikwenda kulipapasa lile shati kwenye kamba, mfuko wa kushoto, mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto tena. Tangu hapo anatafuta kwa dhati.